Santuri Niliyoilainisha

Wiki iliyopita, kwenye kijiji kipya cha ujamaa kule Kwedizinga, nilijitia fundi wa gramafoni. Mzee Mhina alikuwa anamwoza bintiye Asha, na santuri yake ya pekee ilikuwa inakwaruza. Nikapitisha ukucha: vifereji vidogo kila mahali! Nikajua huo ndio ugonjwa. Nikaisugua pande zote kwa majani ya msasa, nikiipima kwa ukucha, mpaka ikateleza kama sahani.

Wageni wakajaa. Nikashusha sindano. Kimya. Nikageuza upande wa pili. Kimya.

"Fundi, wimbo uko wapi?"

"Sijui, mzee. Mikwaruzo yote nimeiondoa."

Mkewe akaigusa santuri, akanitazama.

"Baba Asha, huyu ameusugua wimbo wenyewe."