Kocha Asiyekunywa Maji Yetu

Nimefundishwa mpira na mtu ambaye hakuwahi kunywa maji mbele yetu hata siku moja.

Jua la Kindu, huku kwetu Kongo, mnalijua. Tunakimbia mpaka ndimi nje, kopo la bati linazunguka mkono kwa mkono. Likimfikia yeye, analipitisha kwa mwingine na kutabasamu.

Naitwa Kalume. Nimezeeka. Mjukuu wangu ndiye anayebonyeza simu, mimi naropoka tu. Haya yalitokea wakati wa Wabelgiji, uhuru ukiwa bado unanong'onwa, na tarehe msiniulize.

Mtu mwenyewe ni Célestin, karani wa gari moshi. Sisi tulimwita Mwalimu. Akitoka kazini anakuja kutufundisha bure, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka kwenye kifundo cha mkono, joto lote lile. Tulisema ni maringo ya makarani.

Timu nyingine zilikuwa zinachagua. Hii ya waliobatizwa, ile ya watoto wa kambi ya reli. Ya Mwalimu ilichukua kila mtu, Mwislamu, Mkristo, mtoto wa mchimbaji aliyetoka migodi ya Kama juzi. Hata mwenzetu mwenye mguu mbovu alipewa filimbi akawa refa wa mazoezi.

Maji yaliletwa na Mama Adèle, muuza mihogo, naye bure vilevile. Walikuwa na sheria moja, yeye na Mwalimu: kopo moja, watu wote. Asiyetaka aende kwingine.

Basi mama yake Bulaimu akapelekwa kwenye kambi ya wakoma.

Bulaimu alikuwa rafiki yangu, na ndiye aliyekuwa anatufungia magoli. Habari ikaenea sokoni kabla hata ya jioni. Na wa kwanza kuja uwanjani kulalamika alikuwa baba yangu mzazi, kapita Godefroid, msimamizi wa vibarua, na wazazi wengine nyuma yake.

"Huyu mutoto atoke," alisema, "ao watoto yetu wanatoka wote."

Maana yake timu imekufa. Tulilielewa hilo palepale.

Mama Adèle hakubishana. Akampa Bulaimu kopo, Bulaimu akanywa kidogo, kisha yeye akalimaliza lote na kujifuta mdomo kwa kitenge. Baba hata hakumtazama. Alikuwa anamtazama Mwalimu.

"Na weye, Mwalimu? Hatujakuona hata siku moja unakunywa mu hii kopo. Uko muntu wa masomo, unajua kitu. Kama maji iko muzuri, kunywa tuone."

Jamani, ilikuwa kweli. Hata mimi nikaanza kujiuliza kama Mwalimu alikuwa anamwogopa Bulaimu siku zote hizo huku anatuhubiria kopo moja.

Mama Adèle akajaza. Mwalimu akalipokea, maji yanamwagikia viatu. Akalipandisha mpaka kidevuni. Akasimama hapo.

"Mwalimu, acha," Bulaimu alisema. "Usikunywe. Mimi njo natoka."

Akavua fulana ya timu, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye nyasi. Baba akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi.

Mwalimu akaweka kopo chini. Akafungua kifungo cha mkono mmoja, akakunja shati mpaka juu ya kiwiko.

Kulikuwa na baka, ngozi imefifia. Akalifinya kwa kucha kwa nguvu zote. Uso wake haukubadilika hata kidogo; pale alikuwa hasikii maumivu.

"Bulaimu hana kitu," alisema. "Mugonjwa njo mimi. Nilikuwa nakataa ile maji juu ya kuwachunga ninyi."

Wazazi walirudi nyuma. Bulaimu alikuwa analia, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba alijua. Alishaliona baka siku Mwalimu ananawa, akalitambua, maana mama yake alikuwa nalo mgongoni. Angesema neno moja tu angenusurika yeye, asifukuzwe. Alinyamaza, kwa kuwa alijua lori la daktari linampeleka mtu wapi.

Lori lilikuja wiki hiyohiyo, likamchukua Mwalimu.

Leo madaktari wanasema ukoma hauambukizwi kirahisi hivyo, kwamba kopo lile lisingemdhuru mtu. Nikilikumbuka hilo nakasirika mpaka sasa. Nakasirika sana.

Mazoezi yaliyofuata tulikuja wachache, hatukutosha hata timu moja. Mama Adèle alileta maji kama kawaida. Bulaimu akanywa, akanipa mimi. Baba alikuwa amesimama barabarani anaangalia.

Niliogopa, nisiwadanganye. Nikanywa. Baba akageuka akaenda nyumbani, na hakuligusia tena mpaka anakufa.

Bulaimu aliendelea kwenda kumwona mama yake kule kambini. Siku moja nikamuuliza habari za Mwalimu.

"Kule anakunywa na watu wote," aliniambia. "Kopo moja. Anakunywa sana."



Nyie mnaojitolea kwenye vilabu vya vijana siku hizi, Mungu awalipe. Lakini msiridhike kuandika ukutani kwamba wote wanakaribishwa. Mwangalieni anayepitisha kopo huku anatabasamu. Mwendeeni taratibu, mkiwa wawili tu, kabla watu hawajamlazimisha kufungua kifungo mbele ya uwanja mzima.