Swali la Ndege Wasiotaga

Kitabu kile kilifika kijijini ndani ya sanduku la maktaba, pamoja na vitabu vya kilimo bora na vya uchimbaji wa vyoo. Kilikuwa cha Kiingereza, jalada limeng'oka, na hakuna aliyekigusa. Nilikichukua kwa sababu nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima na nilitaka mazoezi ya lugha. Shule niliiacha mapema. Mengine nimeyapata kwa kusoma polepole, kamusi kando, bila kuuhama ukurasa kabla sijauelewa.

Kilieleza jinsi viumbe walivyobadilika katika muda mrefu sana, na sura moja ilihusu kwa nini wanyama wengine huishi wawili wawili na wengine hawana habari hiyo. Hoja yake, kama nilivyoielewa, ilikuwa hii. Beberu haijui familia yake, kwa kuwa mtoto wa mbuzi husimama siku ileile aliyozaliwa, na maziwa ya mama yanamtosha. Ndege wengi huishi jozi, kwa kuwa kinda huanguliwa bila manyoya na hula kutwa nzima. Mmoja akienda kutafuta chakula, mwingine sharti abaki. Mtoto wa binadamu amewazidi wote. Miaka inapita kabla hajaweza kujilisha. Kwa hiyo, zama za kale, mwanamume na mwanamke walioshikamana walikuza watoto wengi kuliko waliotawanyika, na watoto hao wakarithi hali ya kushikamana. Mapenzi, kwa hesabu hiyo, ni kamba iliyosokotwa na mahitaji ya mtoto.

Nilikifunga. Mimi na mke wangu hatukuwa na mtoto.

Tulikuwa tumehamishwa kutoka Itetemia, pembeni ya mji wa Tabora, tukapelekwa kijiji cha ujamaa upande wa Urambo, karibu na njia ya zamani ya misafara iliyokwenda Ujiji. Nyumba zilipangwa mistari, mlango ukitazamana na mlango. Kule Itetemia ua wa minyaa ulitusitiri. Hapa kila mtu aliiona kamba yetu ya kuanikia nguo, na aliona kwamba haijawahi kuanikwa winda hata moja. Asubuhi tulilima shamba la kijiji, mchana shamba letu, jioni nilifundisha watu waliosinzia juu ya herufi. Nilikuwa na uchovu ambao usingizi haukuutibu.

Mama yangu alipewa nyumba inayofuata yetu. Siku moja alinikalisha barazani kwake.

“Mwanangu, nimenyamaza miaka yote hii,” alisema, jambo ambalo halikuwa kweli. “Baba yako hayupo, na wewe ndiye peke yako. Ama umrudishe kwao kwa heshima, ama uoe wa pili. Baba yako mkubwa atakuja wakati wa kuvuna tumbaku. Tutakaa, na wewe utatoa jibu.”

Mke wangu jibu lake alikuwa nalo mapema. “Kuoa sikukatazi,” aliniambia huku akipepeta mchele. “Ila siku atakayoingia huyo mwenzangu, mimi nitakuwa kwenye treni ya Kigoma.” Kwao kulikuwa huko. Hakupaza sauti, na nilijua kwamba hatanii.

Kilichonisumbua ni kwamba kitabu na mama walisema jambo moja. Mama hakujua kusoma, na mwandishi yule aliishi ng'ambo, lakini wote wawili walinionyesha kamba isiyo na mzigo na kuniuliza inafanya nini. Ningeweza kumpuuza mama kwa kusema ni mambo ya kizamani. Kitabu sikuweza kukipuuza, kwa sababu nilikiamini. Hata leo nakiamini.

Msimu wa kuvuna ukafika. Tumbaku ikishachumwa hufungwa kwenye fito kabla ya kupandishwa ndani ya bani, kile chumba cha kukaushia kwa joto. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja hupokeza majani machache machache, mwenzake huyafunga kwa uzi, mara upande huu wa ufito, mara upande ule. Mkono unaofunga haungoji na mkono unaopokeza hauangalii. Utomvu hugandia vidoleni mpaka vinakuwa vyeusi. Bibi yangu, mama yake baba, alikaa nasi kivulini akichambua majani yaliyotoboka.

“Kitabu chako leo kinasemaje?” mke wangu aliuliza.

Nikamweleza habari za hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa. Jike hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa. Dume ndiye humletea chakula na kukipitishia hapo mpaka makinda yapate nguvu.

“Huyo ndiye mume,” alisema. “Mimi hata kuni za bani naletewa kwa hotuba.”

Bibi akacheka. Kwa utani wa bibi na mjukuu mimi nilikuwa mume wake, na mke wangu alikuwa mke mwenzake. “Mke mwenzangu, usimseme mume wetu. Akikuchosha, nipe.”

“Mchukue, bibi. Na vitabu vyake.”

“Vitabu baki navyo. Meno ndiyo yameniisha, macho bado yanapenda kutazama kijana.”

Tulicheka wote, na kazi ikaendelea. Kisha mke wangu akasema, mikono yake ikiendelea kupokeza, “Na wale wasiotaga?”

“Wepi?”

“Ndege wasiotaga. Wamekaa msimu mzima, yai hakuna. Kitabu kinasema wanaachana?”

Bibi aliinamia majani yake. Nilisema nitatazama. Nilitazama kweli, sura ile yote na zile za jirani yake, nikifungua kamusi hata kwa maneno niliyoyajua, nikihofia yamenipotosha. Sikuona kitu. Nilimwambia hivyo.

“Basi mwandishi hakufika kwetu,” alisema.

Siku chache kabla ya kikao nilimpelekea bibi maji. Nilimkuta na kinyongo kipya juu ya babu, aliyekufa zamani.

“Unajua babu yako alikuwa na mke mwingine?” alisema. “Tena mwenye ndevu.”

Nilijua anataka nimwulize, nikamwuliza. Alinisimulia kwamba katika misafara ya pwani pembe nzito za ndovu zilichukuliwa na watu wawili, mti mmoja mabegani mwao, mzigo ukining'inia katikati. Babu na mwenzake walikwenda namna hiyo kutoka Unyamwezi mpaka baharini. Mzigo ukabaki huko, wao wakarudi mabega matupu.

“Basi mume wangu, hapa nyumbani wakawa wanatembea vilevile! Mmoja mbele, mwingine nyuma, nafasi ileile katikati, kama mti bado upo. Shambani, kwenye pombe, mpaka kichakani kujisaidia! Nikamwuliza babu yako, huyu mtu humwachi kwa nini? Akanijibu, ‘Kwani nimwache kwa nini?’ Hilo ni jibu? Siku hiyo ugali hakuuona.”

Hakuwa ananifundisha. Alikuwa bado ana wivu. Nilimcheka, nikatua maji, nikarudi nyumbani, na njiani nikaanza kuona kosa langu la usomaji. Kitabu kilieleza jinsi kushikamana kulivyoanza. Hakikusema mahali popote kwamba kila jozi hukaguliwa upya ili ijulikane kama bado ina mzigo. Sababu ile ilifanya kazi yake kwa mababu wa mababu, ikatuachia hali yenyewe. Kiu huja hata kwa mgonjwa ambaye maji hayatamponya. Nilifurahi kidogo kwa kuelewa, kisha nikaona kwamba hilo si jambo la kumweleza baba mkubwa.

Siku ya kikao alikuja kwa baiskeli asubuhi. Mke wangu alikuwa kivulini peke yake, majani yaliyochumwa jana yake yamemzunguka. Sisi tuliketi kwa mama, bibi naye akiwapo.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mama yako amenieleza. Jibu lako?”

“Simrudishi. Na sioi mwingine.”

“Sababu?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa mbuzi, kwa ndege, kwa zama za kale. Vyote viliniponyoka. “Sina sababu ya kumwacha,” nilisema.

“Ya kumwacha hatukuulizi, tunaijua. Nakuuliza ya kukaa naye.”

“Hiyo nayo sina.”

Akamgeukia mama. “Huyu ndiye mwalimu wenu?”

“Mwacheni mume wangu,” bibi alisema. “Tumbaku yake inaharibika huko nje.”

Baba mkubwa alicheka bila kupenda. Mama hakucheka. Alivuta khanga ikamfunika kichwa, akasema taratibu, “Basi nyumba ya baba yako imeishia kwako.” Alisema kweli.

Nilipofika kivulini majani ya juu yalikuwa yamenyauka. Mke wangu alinitazama usoni, kisha akatazama ufito.

“Umechelewa,” alisema.

“Nimechelewa.”

“Shika huku.”

Tulifunga mpaka jua likasogea na kivuli kikatuacha. Tulipokuwa tukisugua utomvu kwa majivu, aliniuliza, “Treni ya Kigoma siku hizi inapita siku gani?”

“Sijui.”

“Hata mimi nimesahau.”

Mtoto hakuja. Mama aliishi miaka mingine mingi, na muda mrefu alimsalimu mke wangu kwa kupitia kwangu: mwambie habari za asubuhi, mwambie chumvi imeisha. Kitabu nilikirudisha sandukuni. Amri ya vijiji ilipolegea wengi walirudi walikotoka, sisi tulibaki, kwa kuwa kuhama tena kulitushinda. Mgongo wangu haukubali tena kuinama juu ya ufito kwa saa nyingi, na vidole vya mke wangu vimekakamaa. Bado tunafunga pamoja, polepole. Siku hizi mkono wangu unaufunga uzi na kuungoja wake, na mara nyingine wake ndio unaongoja.