Mbingu Niliyompa Mfaume

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kukoleza mbingu palipokuwa peupe zaidi. Nalitaja mapema ili usije ukadhani nasimulia ya kusikia. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa Lindi, mtaani Mtanda, na yupo mwenzangu aliyemwona yule mtu kwa macho yake. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi ningecheka.

Kazi yangu ni kusafisha picha. Sikuisomea popote, nilijifunza kwa video za simuni mpaka macho yakawasha. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Picha ya pasipoti naweza kuirudia mara saba, kisha nikaamka usingizini kwenda kuangalia kama kola imekaa sawa. Ndiyo maana sina marafiki. Nani atakaa na mtu anayekukatiza maneno ili akatazame kivuli kilivyoanguka ukutani?

Sasa nivumilie, hapa pana ufundi kidogo. Kuna kioo ambacho wapiga picha hukifunga mbele ya lenzi, kinaitwa polaraiza. Kinapunguza mng'ao, na mbingu inatoka bluu iliyokolea. Mimi sina kioo hicho. Naigiza kazi yake kwa kompyuta: nachagua mbingu, nashusha mwanga wa rangi ya bluu, basi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kioo cha kweli hakikolezi kila mahali. Ukilipa jua bega, mbele yako ndipo bluu inapokolea. Ukilielekea jua lenyewe, hakifanyi kitu. Kwa hiyo mtu anayejua akiitazama mbingu ya namna ile, anaweza kukuambia jua lilikuwa wapi. Mbingu zangu zilikuwa zikisema uongo, na mimi hata sikujua kwamba zinasema.

Bi Somoe alikuja kutoka Nyangamara na picha kwenye simu ya binti yake. Mwanawe Mfaume alikwenda Songo Mnara kuvua, akazama. Hawakumpata. Walimswalia swala ya ghaibu, wakasoma hitima, watu wakatawanyika. Kaburi hakuna. Kilichorudi nyumbani ni picha ile tu, aliyoituma kwa simu siku ile ya mwisho: kijana kasimama ufukweni, jioni, shati la mistari, nyuma yake mbingu nyeupe kama uji.

"Mtengenezee mbingu nzuri, baba," aliniambia. "Hapo alipo pamepauka mno. Nataka awe mahali pazuri."

Nilikaa na picha ile siku mbili. Upande mmoja wa mbingu ulikuwa mweupe kuliko mwingine, kwa hiyo ndio niliokandamiza zaidi, mpaka ukawa bluu ya kilindini. Niliipenda kazi ile, niamini. Niliichapa, nikaitia fremu, na Bi Somoe akaikumbatia kama mtoto.

"Shehe wetu hapendi picha ukutani," akasema. "Nitaiweka chumbani. Nikiswali nitaigeuza."

Hazikupita siku nyingi. Ilikuwa jioni, adhana ya magharibi bado kidogo. Nje ya kibanda changu huegesha kijana wa bodaboda, Chande, ambaye maisha yake yote ni utani. Nikamsikia akiniita.

"Fundi wa mawingu! Una mgeni, kapotea huyu. Ananiuliza Nyangamara ni upande gani. Namwambia nenda stendi ukapande gari, anasema gari halitamfikisha, anataka upande tu. Haya, mpimie upande!" Akacheka, akawasha pikipiki, akaondoka.

Mgeni akasimama mlangoni. Kijana wa rika langu, mpole wa sauti.

"Ndugu yangu, magharibi ni wapi?"

Jua lilikuwa palepale, jekundu juu ya vilima, mkono wake wa kushoto. Nikamwonyesha kwa kidole. "Si hilo hapo?"

Alilitazama bila kupepesa. "Hapo naona bluu tu. Bluu nzito. Mama alinifundisha, ukipotea lifuate jua la jioni, utafika nyumbani. Nalitafuta silioni."

Hapo jicho langu la kazi likashtuka. Jua liko kushoto kwake, lakini shavu la kushoto lilikuwa gizani. La kulia, lililoelekea ukuta, ndilo lililokuwa likiwaka. Umewahi kuona picha iliyounganishwa vibaya, kichwa cha mahali pengine kwenye mwili wa mahali pengine? Ndivyo alivyokuwa, amesimama mbele yangu, akipumua.

Mwenye akili angekimbia. Lakini niseme ukweli: ilikuwa miezi tangu mtu aketi kwenye benchi langu bila shida ya picha. Nikamkaribisha, naye akaketi.

"Unakaa na nani hapa?" akaniuliza.

"Peke yangu."

"Hata mimi," akasema, kama mtu aliyegundua kwamba mna babu mmoja.

Tulikaa bega kwa bega, wala sikuinuka hata mara moja kutazama kompyuta. Adhana ilipoanza aliinuka, akaaga, akashika njia ya kushuka baharini. Akaipa mgongo njia ya kwao.

Wiki ile ile Bi Somoe alirudi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akakaa akifungua na kufunga pindo la kanga yake.

"Picha nzuri, majirani wote wameisifu," akasema. "Ila tangu niiweke, mwanangu nikimwota ananipa mgongo. Kabla ya hapo alikuwa anafika mpaka uani. Sasa namwita, anageuka, anashuka majini. Nimemkosea nini mimi?"

Nilifungua picha kwenye kompyuta ili tu nisimtazame machoni. Na ndipo, kwa mara ya kwanza, nikautazama uso wa Mfaume. Unashangaa? Siku mbili nzima, ungeniuliza rangi ya mbingu ile ningekutajia kipande kwa kipande. Uso sikuuangalia. Shati la mistari. Uso wa yule mgeni wa benchini. Shavu la kulia likiwaka kwa jua la jioni lililopenya weupe ule, na jua hilo lilitoka upande uleule nilioufunika kwa bluu.

Nikaifunga kompyuta. Nikamwambia, "Mama, nitairekebisha."

"Kwani ina kosa?"

"Kosa ni langu."

Akaniangalia kidogo, akaondoka bila kuuliza zaidi.

Ndipo nikajifunza habari ya kulipa jua bega. Nikaihamisha bluu, nikaiweka panapostahili, upande wa jua nikauacha na mwanga wake. Ilitoka mbingu safi kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na naona aibu kukiri kwamba nilijisifu. Jioni iliyofuata Chande akapiga kelele: "Fundi, ndugu yako karudi! Leo mpe hata chai, kakonda!"

Alisimama palepale mlangoni. Safari hii shavu lililowaka lilikuwa la upande wa jua. Lakini hakuondoka kulifuata.

"Jua sasa naliona," akasema. "Ila mbingu hii siijui. Siku ile hakukuwa na bluu, ndugu yangu. Bahari na mbingu vilikuwa kitu kimoja. Nitaondokaje kwenye siku ambayo sikuwemo?"

"Mfaume," nikamwita. Jina lilinitoka lenyewe.

Akatabasamu polepole. "Kumbe unanijua."

Akaketi, na tukakaa kama mara ya kwanza. Sasa nikuungamie jambo ambalo Bi Somoe halijui. Mfaume alipokwisha kwenda niliifikiria picha ile, nikawaza niiache ilivyo. Mbingu ikibaki si yake, angekuja kila jioni, akakaa benchini, akaniuliza nakaa na nani. Niliwaza hivyo mpaka kukapambazuka. Kisha nikamkumbuka yule mama na pindo la kanga yake.

Niliondoa kila kitu. Bluu yote. Nikairudisha mbingu nyeupe kama uji, yenye ukungu, na kwa mtu kama mimi ilikuwa kama kutoka nyumbani na shati la jana. Nikaichapa hivyo hivyo, nikapanda gari la Nyangamara.

Bi Somoe aliishika karibu na macho. "Hii ndiyo siku yenyewe," akasema. "Alinipigia simu jioni ile. Akaniambia, mama, huku leo ukungu, bahari haijulikani na mbingu haijulikani." Ile ya bluu akailaza kifudifudi.

Akanipa ugali wa muhogo na kisamvu, tukala. Jua lilipoanza kuzama nyuma ya nyumba, aliingia chumbani na picha yake, mlango akauacha wazi. Mimi nilibaki uani peke yangu, nikitazama njia inayotoka pwani.

Nilimwona akija. Aliielekea nyumba, na jua lilikuwa nyuma ya nyumba hiyo, kwa hiyo lilimpiga usoni, mashavu yote mawili. Alitembea kama mtu anayeijua njia. Alinipita hatua chache tu, hakunitazama, akaingia. Ndani nikasikia sauti ya Bi Somoe, wala haikushtuka.

"Karibu, baba. Umechelewa."

Sikuingia, nawe usingeingia. Nililala kwa jirani, alfajiri nikarudi mjini.

Mfaume hakuja tena Mtanda. Chande bado huniuliza, "Yule ndugu yako vipi?" Namjibu kafika kwao. Lakini kipo kilichonibakia. Jioni nikilitazama jua linapozama, kuna kitambo ninapoona bluu tupu mahali pake, na inabidi nishike shavu langu nisikie joto liko upande gani. Nimezoea, ila sitoki tena peke yangu saa hiyo.

Kwa hiyo wewe mwenye picha ya mtu wako aliyetangulia, usimwombe fundi ampambie mbingu. Mwache na ileile aliyoondoka nayo, hata kama imepauka.

Nami siku hizi picha ikinifikia naanza na uso, na mbingu ya marehemu siigusi.