Mume Wangu Alikufa Akiamini Nimeiba Pesa ya Figo Yake

Admin, nakuomba ufiche jina langu kabisa, maana watu wa kwetu wanasoma huu ukurasa. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na sita, nina watoto wawili. Naishi Kitale, lakini boma la wakwe zangu liko upande wa Mabanga, Bungoma. Naandika nikilia, mkiona makosa mnivumilie.

Mume wangu alikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo. Nyuma ya duka aliweka mashine mbili za kuchimba sarafu za mtandao, kelele yake wateja walidhani tunasaga unga. Siku moja nilimuuliza, "Sasa hapa mnachimba nini na sioni shimo?" Alicheka sana. Akaniambia mashine zinabahatisha namba. Zinajaribu hii, inakataa, zinajaribu nyingine, kutwa kucha, zikishindana na mashine za dunia nzima. Namba ikikubali, wenye mashine wanalipwa. Namba hiyo wanaiita nonsi, na ikishapatikana kila mtu anaiona, haina siri yoyote. Hivyo ndivyo tulivyoweka akiba yetu. Ufunguo wake ulikuwa maneno fulani tuliyoyakariri mimi na yeye tu.

Halafu figo zikaharibika. Daktari akasema apandikizwe nyingine, na ile akiba ingetosha. Mume wangu aliogopa app za watu kwa sababu kuna jirani alikuwa amelizwa na app feki. Akamwomba mdogo wake, shemeji yangu aliyesomea kompyuta, amtengenezee programu yake mwenyewe ya kutia sahihi ya kompyuta anapotuma pesa, ile inayothibitisha ni mwenye ufunguo anatuma. Hao wawili walitahiriwa asubuhi moja, wakapakwa matope ya mto pamoja. Kwetu watu kama hao ni zaidi ya ndugu.

Kwa programu hiyo tulituma pesa ya hospitali mara ya kwanza, ikafika. Mara ya pili pia ikafika. Kesho yake mume wangu akafungua laptop, akiba yote imeenda.

"Mama Nekesa, umempa nani ile pesa?"

"Baba Nekesa, haki ya Mungu sijagusa."

"Si ni mimi na wewe tu tunajua hayo maneno? Na mimi niko kitandani."

Akageukia ukuta. Tangu siku hiyo alikataa hata uji wa mkono wangu, ikabidi mama yake atoke Mabanga kuja kumlisha. Nilikuwa nasimama mlangoni nikimwangalia mume wangu akila kwa mtu mwingine. Alikufa hivyo, bila kunisemesha tena.

Tulipomaliza kuzika, tukanyolewa kama ilivyo desturi yetu, familia ikaketi kuzungumzia mali ya marehemu mbele ya watu. Wazee wakamuuliza shemeji kuhusu hiyo akiba. Akasimama akasema, "Bila ufunguo hakuna mtu anaweza kutoa hiyo pesa. Hakuna." Mama mkwe akapiga mayowe: "Mmesikia wenyewe! Huyu ameuza figo ya mtoto wangu!" Watoto wangu walikuwa wamekaa hapo hapo. Wazee wakaamua nirudi kwa wazazi wangu Sirisia na watoto wabaki Mabanga. Niliomba muda, wakanipa kidogo.

Nikaenda kwa rafiki ya marehemu hapa Kitale, waliyekuwa wakichimba naye. Akaniambia kila sahihi ina vipande viwili na viko wazi mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuvisoma. Akafungua zile sahihi zetu mbili. Kipande cha kwanza kilikuwa kilekile kwa zote, herufi kwa herufi. "Mama, kwa sahihi kuna nonsi nyingine, si ile ya kuchimba," akasema. "Hii ni siri, mashine inaichagua, inatengeneza nayo hicho kipande cha kwanza mara moja tu, inaitupa. Ikirudiwa, mtu anachukua sahihi mbili, anapiga hesabu, anapata ufunguo. Kuna wezi kompyuta zao hazina kazi ingine ila kutafuta makosa kama haya." Kumbe hakuna aliyehitaji yale maneno yangu!

Nilimwita shemeji dukani nikamwambia yote. Akasema, "Shemeji, mahali pa hiyo nonsi niliweka mwaka wetu wa tohara. Nilidhani nonsi ni namba tu, si hata ile ya kuchimba kila mtu anaiona? Nilitaka kila akitia sahihi tuwe pamoja." Nilimpiga kofi, sifichi. Alikaa pale kwa magunia ya mbegu akalia kama mtoto, na mimi nikalia. Nikamwambia aende kwa mama yake aseme mwenyewe. Akajibu, "Watasema nimemuua ndugu yangu, na ni ukweli. Ukisema wewe, najimaliza." Tangu hapo hali, halali, haendi kazi. Mke wake ananipigia simu ati nimemfanyia nini bwana yake. Pasta naye ananiambia nisamehe, na hata hajui nasamehe nini.

Jumamosi wazee wanakaa tena kuchukua watoto. Mama mkwe ameshawanunulia vitanda. Nikinyamaza, nabaki mwizi na watoto wangu wanaenda. Nikisema, naogopa tutazika tena, na huyu mama atabaki bila mtoto wa kiume hata mmoja. Namchukia, jamani, lakini sitaki alie vile alivyolia siku ile. Na yule niliyetaka zaidi ajue ukweli yuko chini ya udongo akiwa amenikasirikia.

Nyinyi mnaosoma, mngekuwa mimi, Jumamosi mngefungua mdomo? Niambieni mapema tafadhali, maana Nekesa ananiuliza kwa nini napanga nguo zake kwa begi na sijui nimjibu nini.