Taarifa Safi Mno

Kifaa chetu cha kupima maji ya mto kilikuwa shambani kwa mama mmoja mkulima wa mboga, juu ya Bigwa. Kila baada ya wiki mbili tatu kilizima chenyewe. Ofisini Kihonda tulikuwa wawili: mimi, na dada mmoja, mwenzangu kazini, aliyeandika kiini cha mfumo endeshi, sehemu inayozigawia programu kumbukumbu na kuipokea zikimaliza kazi. Mimi niliandika programu ya kupiga picha za mto, pamoja na taarifa: kumbukumbu kiasi gani imechukuliwa, kiasi gani imerudi.

Taarifa ilitoka safi kila mara. Kilichochukuliwa kimerudi chote. Usafi ule ndio ulionitia shaka. Kifaa kife kwa kukosa kumbukumbu, halafu hesabu iseme hakuna kilichopotea? Tarakimu zilitoka kwenye kiini chake, nikaamini dada anazirekebisha kabla sijazisoma. Nikaanza kupekua kazi yake kimya kimya, mstari kwa mstari.

"Unatafuta nini humo?" aliniuliza siku moja, amesimama nyuma yangu.

"Najifunza tu, dada."

Tangu siku hiyo kila mmoja wetu alikunywa chai peke yake, mezani pake.

Kifaa kilipozima tena, nikapanda mwenyewe hadi shambani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kimelala tena."

Nikamuuliza kama mvua imeingia ndani.

"Mvua? Manyunyu yanakipiga kutwa nacho kinawaka. Ni mto ukijaa. Kinamulika, kinamulika, kisha kimya."

Nikaduwaa kati ya matuta ya kabichi. Mto ukijaa, kifaa hupiga picha. Picha ni kubwa, na vitu vikubwa kiini huvipa kumbukumbu kwa njia yake ya pekee. Njia hiyo sikuiweka kwenye taarifa. Programu yangu ilikuwa ikichukua bila kurudisha, na taarifa yangu haikuona.

Nilishuka nikamweleza dada yote, hata ile shaka.

"Nilijua unanishuku," alisema. "Na mimi niliona njia ile haimo kwenye taarifa, nikadhani umeiacha makusudi, lawama iniangukie, basi nikanyamaza."

"Nisamehe, dada."

"Tutengeneze kwanza."

Tuliongeza njia ile kwenye taarifa, na upotevu ukaonekana palepale. Nikarekebisha programu ya picha. Kifaa kilimaliza masika bila kuzima. Yeye alipata kazi kwingine kabla ya kiangazi. Aliniaga vizuri, kwa kunishika mkono, lakini mpaka leo sijui kama alinisamehe.