Walisema Wamekomboa

Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili nilikosea hesabu mbele ya mtaa mzima wa Shari.

Vita ilipotutawanya niliacha mashine yangu ya kushona, na ndiyo iliyotulisha. Niliporudi kutoka Tchomia, nilikokimbilia, sikuikuta. Jirani yangu Papa Bahati akaniita akicheka: «Mama Neema, mashine yako iko kwangu. Niliikomboa!»

Kanisani, kukomboa ni kurudisha kilichopotea. Lakini siku zile wenye bunduki walipobeba godoro la mtu, walisema wamelikomboa. Basi nikaingia kwake nikahesabu vitu vyake, nione kama alilipa chochote: viti vinne, sufuria tatu, redio moja. Nikarudia. Hakuna kilichopungua. Nikaita majirani.

«Mwizi ni huyu! Amekiri mwenyewe!»

«Weye Mama, niliikomboa kwa wale wenye bunduki. Waliomba kitu, nikawapa.»

«Uliwapa nini? Vitu vyako vyote viko, nimehesabu!»

Mke wake akatoka nyuma ya nyumba, akaniwekea kamba tupu mkononi.

«Hesabu na hii, Mama Neema. Ile mbuzi yetu, yenye ulikuwa unafukuza kila siku mu mboga yako, iko wapi?»