Mama Tarehe na Kampuni Kubwa

Kazini kwake, kwenye chumba cha mafaili cha hospitali, walimwita Mama Tarehe. Alichoshwa na kadi za wagonjwa: huyu kaanza na mwezi, yule kaanza na siku, mwingine kaandika mwaka kwa tarakimu mbili, hujui ni kikongwe au kichanga. Akajifunza mwenyewe kuandika programu, akatengeneza moja ndogo ya kusoma tarehe za kila namna na kuzipanga sawa. Kisha akaiweka mtandaoni wazi, na msimbo wake wote, yaani maandishi yanayoiendesha. Atakaye achukue, atakaye arekebishe, bure.

Watu wakaichukua. Wengine wakawa wanamletea marekebisho, na kwa miaka tisa wakazoeana kwa maandishi tu, kama ndugu wasiowahi kuonana.

Siku alipogundua kwamba hata kampuni kubwa ya programu, ile ambayo kalenda yake imo kwenye simu za nusu ya mtaa, inaitumia, alitembea kifua mbele. Furaha hiyo haikudumu.

Jumatatu moja, hata chai hajanywa, akakuta kwenye ukurasa wa programu, mbele ya watu wote, ujumbe wa mhandisi wa kampuni hiyo: "Programu yako inawasogeza waliozaliwa tarehe ishirini na tisa Februari hadi tarehe moja Machi. Wateja wetu walilalamika. Tunaomba irekebishwe kabla ya Ijumaa."

"Programu yako!" alifoka. "Ikifanya kazi ni yao, wanaitangaza. Ikikosea ni yangu!"

Mumewe, fundi cherehani, alikuwa sebuleni akipinda suruali ya watu. Akatoa pini mdomoni. "Waambie warekebishe wao, mke wangu. Si wana wahandisi kibao?"

Akawaandikia hivyo hivyo. Jibu likaja saa hiyo hiyo: "Sisi tumesharekebisha kwetu, wiki mbili sasa. Ila idara ya sheria hairuhusu msimbo wetu utoke nje, na kila ukitoa toleo jipya inabidi tulitie kiraka upya. Ndiyo maana tunaomba uandike wewe."

Alisoma mara tatu. Akacheka, lakini si kicheko cha raha.

"Baba watoto, hebu sikia! Dawa wanayo kabatini, halafu wananituma mimi porini nikachimbe mizizi!"

Aliapa hagusi kitu. Jumanne, karani wa kliniki moja ya chanjo, mtumiaji wake wa siku nyingi, akamwandikia: "Dada, kosa hilo na kwetu limetokea. Kadi za watoto wanne zina tarehe ya uongo. Nimejaribu kurekebisha, nimefika nusu. Nakutumia hivyo hivyo." Basi, kiapo kikaishia hapo. Wakasaidiana, yeye wakati wa mapumziko, karani akijaribu kwenye kadi zake, na Jumatano mchana kosa likapatikana. Mstari mmoja tu. Wakaurekebisha, wakaweka toleo jipya mtandaoni.

Ijumaa kampuni ikatangaza: "Kwa kushirikiana na jumuiya ya programu huria, tumerekebisha kalenda yetu." Wiki iliyofuata ikamtumia fulana yenye maneno ya mapenzi kwa jumuiya hiyo. Mumewe akaivuta kitambaa, akaguna. "Hii ukiifua mara mbili, kwisha."

Mhandisi naye alimwandikia faraghani. "Samahani sana, dada. Nimeomba ruhusa ya kukupa marekebisho yetu mara tatu, wamenikatalia. Na mimi mwenyewe nimezaliwa tarehe hiyo."

Hapo moyo ukamlainika kwa yule kijana. Kwa kampuni, haukulainika hata kidogo. Akaandika sharti jipya kwenye ukurasa wa kwanza wa programu: ombi lolote lenye siku ya mwisho, lisiloambatana na kazi yoyote ya mwombaji mwenyewe, litafungwa bila kujibiwa. Akampa karani mamlaka sawa na yake juu ya programu, maana alikuwa amechoka kubeba mzigo peke yake.

Mwezi uliofuata kampuni ikaleta ombi jingine, eti kabla ya Jumatano. Alipolifungua, tayari kupandisha mori, akakuta karani ameshalifunga. Akanywa chai yake ingali ya moto.